Mwalimu Alipoongea na Gunia

Siku ya tatu ya msiba wa mume wangu, nyumbani Mombasa, waliingia uani watu wanne ambao hakuna hata mmoja wa jamaa zangu aliyewajua. Walikuwa wametoka Bariadi. Walipanda gari mpaka Lamadi, wakadandia basi la kwenda Sirari, wakavuka mpaka, wakalala kitini mpaka Nairobi, kisha wakateremka mpaka kwetu, siku mbili nzima, wazee wenye magoti mabovu na nguo zilizojaa vumbi. Walikuja na nusu gunia la mchele na mfuko wa matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kuanikwa juani. Mmoja wao, mwanamke mnene mwenye mvi, alikuja moja kwa moja mkekani nilipokaa, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa mtu wa umri wake, akalia nami. Mpwa wangu, msichana wa chuo anayetaka kila jambo lielezwe, aliniinamia akaninong'oneza: "Shangazi, hawa ni nani wetu?" Nikamjibu, "Ni watu niliokuwa nikipigana nao." Alinitazama kwa huruma, nafikiri aliamini kwamba majonzi yamenivuruga akili. Tangu siku hiyo nimekuwa na deni la kumweleza, na kwa kuwa kueleza kwa mdomo hunitoa machozi, ninaandika.

Nilikwenda Bariadi nikiwa na miaka ishirini na saba, katikati ya miaka ya tisini, pale Tanzania ilipofungua milango na makampuni ya watu binafsi yakaruhusiwa kununua pamba ambayo kwa miaka mingi ilinunuliwa na ushirika peke yake. Simiyu kama mkoa ilikuwa bado haijazaliwa. Bariadi ilikuwa wilaya ya Shinyanga, mji wa barabara za vumbi, maduka mapya yenye sabuni na siagi za Kenya, na mabanda ya video ambako jenereta ilinguruma kuliko sauti ya picha yenyewe. Kazi yangu ilikuwa kupanga madaraja ya pamba. Huku Kenya viwanda vya pamba vilikuwa vinakufa kimoja baada ya kingine, na kampuni iliyoniajiri ilinihitaji kwa sababu nilikuwa na mkono wa kazi ile: nautumbukiza ndani ya lundo, naufumba, nautoa, na najua kama ni pamba safi au fifi, ile chafu ya daraja la pili, kama imenyunyiziwa maji usiku ili iwe nzito, kama kuna mchanga umetupiwa katikati. Mkulima aliyeamka alfajiri na mkokoteni wake wa ng'ombe hafurahi kuambiwa na msichana wa Kikenya aliyevaa suruali kwamba pamba yake ni fifi. Pale kituo cha Kasoli niliwahi kumsikia mzee mmoja akimwambia mwenziwe, nami nimesimama hatua tatu tu, "Huyu Mkenya anaona mchanga kwa pua." Hakusema kwa kunisifu.

Nilipangishiwa chumba katika nyumba ya bati yenye vyumba vinne, ambayo kuta zake hazikufika juu. Kila kilichosemwa chumba cha kwanza kilisikika cha nne. Niliwasikia majirani wakinijadili wakati wa chakula cha jioni, Kisukuma kikichanganyika na Kiswahili: kwamba nalala na taa inawaka, kwamba naoga mara tatu, kwamba naongea kama redio. Hilo la redio lilikuwa kweli kwao. Nilikuwa nimezoea kudhani Kiswahili ni changu, nikafika mahali ambapo kila mtu alikizungumza kama nguo ya kazini, akifika nyumbani anaivua. Sokoni nilisema "sabalkheri" wakanicheka. Nilijifunza salamu yao ya asubuhi, "mwangaluka", wakacheka zaidi kwa jinsi nilivyoitamka. Hakuna aliyenitendea ubaya. Walinisalimia, walinikaribisha, waliniletea kiti, na kiti chenyewe ndicho kilichonitesa. Miezi miwili mizima kila nilikokwenda niliwekewa kiti mbali kidogo na wengine, kifutwe vumbi, nikae peke yangu kama afisa. Naweza kusema wazi kwamba nililia, na majirani wa vyumba vitatu walisikia.

Jioni moja nikitoka kazini nilipita nyuma ya ghala la zamani la chama cha ushirika. Lilikuwa tupu tangu makampuni yaingie; milango yake ya bati ilikuwa imelegea. Ndani nilisikia sauti ikihesabu, "Ichi! Ni! San!" na miguu mingi ikipiga sakafu kwa pamoja. Moyo uliniruka. Nilikuwa nimefanya karate miaka sita katika ukumbi mmoja wa Mombasa, nilikuwa na mkanda wa bluu ndani ya sanduku langu, na haikunipitia akilini kwamba Bariadi kungekuwa na mtu anayehesabu namna ile. Nilichungulia. Watu kumi hivi, vumbi la pamba bado limeshika kwenye boriti, na mbele yao mwanamume mfupi wa makamo mwenye kipara, akihesabu Kijapani mpaka pumzi ilipomwishia, kisha akaendelea kwa Kisukuma bila kujitambua: "Idatu! Inne! Itano!"

Huyo alikuwa Mwalimu Nkwabi. Alikuwa karani wa mizani wa ushirika mpaka alipopunguzwa kazi, na karate aliipata ujanani alipokuwa Mwanza. Aliponiona mlangoni alisimamisha darasa. "Kampuni imekutuma uje upime ghala?" aliuliza. Nikasema hapana, nimekuja kuomba mazoezi. Aliniangalia viatu vyangu, akaangalia kilemba changu, akanionyesha kwa kidevu gunia la mbegu za pamba lililoning'inizwa kwenye boriti. "Basi piga." Nilivua viatu nikapiga. Mbegu za pamba zikishindiliwa ni ngumu kama ardhi. Ngozi ya vidole ilichubuka palepale. Nilipiga mara ya pili, ya tatu, mpaka aliposema, "Inatosha, hilo gunia halijakukosea." Wote wakacheka, nami nikacheka, na hakuna aliyeniletea kiti.

Mwanamke mwingine katika darasa lile alikuwa mmoja tu, Minza, fundi cherehani wa rika langu, mwembamba wakati huo, mwenye mikono mirefu na maneno makali. Alikuwa akiishi na mama yake nyumba ya nyuma yetu, ng'ambo ya ua wa minyaa, na mimi sikuwahi kuvuka ule ua. Mwalimu alituweka pamoja kwa kuwa wanaume walikuwa wakiogopa kutupiga. Siku ya kwanza tulipoinamiana, Minza alisema, "Mkenya, leo tutajua kama redio inaumia." Iliumia. Alikuwa na teke la pembeni lililotoka mahali usipopatazamia, na alinipiga ubavuni nikakaa chini. Kisha alinipa mkono kuniinua na kuniuliza kama nimekula. Mpaka leo sijui njia fupi kuliko hiyo ya kufahamiana na mtu. Ukishaona mwenzio anavyopumua akiogopa, anavyokasirika akishindwa, anavyojizuia asikuumize pale ambapo angeweza, unajua kuhusu yeye mambo ambayo majirani hawayajui baada ya miaka kumi ya kusalimiana.

Nilianza kula kwao. Mama yake, Mayu Kabula, alikuwa bibi mdogo wa umbo, mwenye sauti nene, anayetafuna tumbaku. Alipika kwenye jiko la mafiga matatu, chumba cheusi kwa moshi, chenye kidirisha kimoja kilichoingiza mwanga kwenye chungu tu. Nilikalia kigoda chini kama wao. Tulikula ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa yakapikwa kwa karanga, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Asubuhi alinipitishia matobolwa juu ya ua na kuniita mwanangu kwa lugha yao: "Zuhura, ng'wanone, amka ule!" Siku moja nikiwa nje nikinawa mikono niliwasikia ndani wakizungumza juu yangu, kwa Kisukuma ambacho nilishaanza kukidaka. Minza alisema kwamba nitaondoka tu, watu wa kampuni huondoka. Mama yake akajibu kwamba hata ng'ombe wa kuazima hunyweshwa maji. Nilirudi nikaketi, nikala, nikiwa na furaha kubwa ya kulinganishwa na ng'ombe.

Minza alinishonea suti ya mazoezi kwa kitambaa cha marekani, akaongeza kipande kirefu nyuma ili nijisitiri ninapopiga teke, jambo ambalo sikumwomba. Jumamosi baada ya mazoezi darasa zima lilikwenda kwa Mwalimu kunywa chai. Mkewe alitandika mikeka ukumbini chini ya kalenda ya ushirika ya mwaka uliokwisha pita, na wanaume walibishana kama ni heri ushirika au makampuni, wakanigeukia mimi kama kwamba ndimi niliyeleta soko huria kwenye mkoba. Niliwajibu kwa ukali uleule. Nilikuwa nimeacha kuwa mwangalifu na maneno yangu, na hiyo kwangu ni dalili ya mtu aliyepata marafiki.

Mwezi wa Agosti, msimu ukiwa umepamba moto, Mwalimu alitutangazia kwamba mtihani wa mikanda utafanyika Mwanza mwezi unaofuata. Mimi nilikuwa naukodolea macho mkanda wa kahawia. Niliutaka sana, kuliko inavyofaa kukiri. Na ndipo Mayu Kabula alipougua ghafla, akalazwa, na siku ya pili akafariki. Niliamshwa na vilio ng'ambo ya ua. Nilikwenda asubuhi ile, nikampa Minza pole, nikakaa kidogo pembeni, nikaenda kazini. Kesho yake, siku ya maziko, kampuni ilifunga kituo mchana kwa sababu wakulima wote walikuwa msibani. Nilikuwa na nafasi. Nilijiambia kwamba kwetu sisi wanawake hatuendi makaburini, kwamba nitakwenda jioni watu wakipungua, kwamba uani pale kuna wanawake wengi wa kuchota maji na kupika, mimi nitakuwa wa nini. Yote yalikuwa na ukweli kidogo. Ukweli wenyewe ni kwamba niliogopa kukaa katikati ya kilio nisichojua kukilia, na nilitaka mkanda. Nilikwenda ghalani peke yangu, nikapiga gunia kwa saa nzima, na kila pigo nikalipigia ukelele kama tulivyofundishwa. Sikujua kwamba njia ya kwenda makaburini inapita nyuma ya ghala lile.

Jioni nilipofika msibani, hakuna aliyeniangalia. Nilisema "poleni", sauti yangu ikaanguka katikati ya uwanja. Wanawake waliokuwa wakikwangua masizi ya masufuria kwa mchanga waliendelea kusugua. Nilisimama mpaka aibu iliponirudisha nyumbani. Kesho yake muuza nyanya wangu alifunika nyanya zake kwa kanga nilipomkaribia. Majirani wa vyumba vitatu, ambao nilizoea kusikia hata miayo yao, walinyamaza kila nilipoingia. Nilikwenda kuomba moto kwa mama wa chumba cha pili, akageuka akaingia ndani, na niliona kwamba macho yake yana machozi. Dereva wetu wa kampuni, mtu wa Mwanza, ndiye aliyeniambia neno lenyewe: nimetengwa. Sungusungu wa mtaa, walinzi wa jadi wa Wasukuma, walikuwa wamekaa wakaamua. Asiyekwenda kumzika jirani hasalimiwi, hapewi moto, hauziwi kitu, na atakayemsemesha anatengwa pamoja naye. "Wewe waambie ni mgeni, hukujua," dereva alinishauri. "Watakuachia tu." Lakini nitamwambia nani, na mtaa mzima umefunga mdomo? Mtu aliyetengwa haelezwi hata mlango wa kurudia uko wapi.

Siku ya tano nilipiga moyo konde nikaenda ghalani. Nilitegemea kukuta mlango umefungwa kwa ajili yangu. Ulikuwa wazi. Walikuwa wamesimama kwenye mistari yao, na mahali pangu pa siku zote palikuwa patupu, hakuna aliyepaziba. Nilisimama pale. Hakuna aliyenisalimia. Mwalimu akaanza kuhesabu, nasi tukaanza kupiga. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba wazee walikuwa wamemwita wakamwonya, naye akawajibu kwamba kuinama mbele ya mwenzio kabla ya kupigana si kusalimia, ni sheria ya mchezo, na kwamba kumpiga mtu si kumsemesha. Waliijadili hoja hiyo mchana kutwa, kwa uzito wote, na mwisho wakaikubali. Kwa hiyo kwa wiki tatu watu pekee walionigusa katika mji ule ni wale walionipiga. Waliinama, nikainama, walipiga, nikakinga, walinikamata mkono kunirekebisha bega, wakauachia taratibu kidogo kuliko ilivyohitajika. Walikuwa wakihatarisha majina yao kwa ajili yangu. Nilirudi chumbani kila jioni nikiwa na alama mikononi, na nilizitazama kwa shukrani.

Minza alirudi mazoezini wiki ya pili, nywele zimenyolewa kwa ajili ya mama yake. Mwalimu alitupanga pamoja kama kawaida, na nadhani hata yeye alisita. Tuliinamiana. Nilimwona macho yake, nikajua kwamba yeye hanyamazi kwa sababu ya sungusungu tu. Alinijia mbio. Hakujizuia hata kidogo. Alinipiga ubavuni, begani, ubavuni tena, nami nilikinga mapigo machache na mengine nikayaacha yafike, kwa sababu sikuwa na namna nyingine ya kumwambia kwamba najua. Hilo nalo alilitambua, likamkasirisha zaidi. Alisimama, akanishika mikono yangu yote miwili kwa nguvu akainyanyua mbele ya uso wangu, mahali pa kukinga, akaisukuma pale kama anayepigilia msumari, kisha akarudi nyuma akaanza upya. Hakutaka niombe msamaha kwa kupigwa. Alitaka nipigane naye sawasawa. Tulipigana mpaka wote wawili tukawa tunalia, na Mwalimu aliendelea kuhesabu akiwa ameelekea ukutani, ametugeuzia mgongo.

Jumamosi iliyofuata, mwisho wa mazoezi, Mwalimu hakutuachia tuondoke. Alitukalisha chini. Akaliendea lile gunia la mbegu za pamba, akalishika kwa mikono miwili lisibembee, akaliambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Wewe gunia, nina maneno na wewe."

Hakuna aliyecheka.

"Siku tunamzika mama yake Minza, wewe ulikuwa humu unafanya kelele. Tulikusikia. Tulikuwa tumebeba jeneza begani, tunapita hapo nyuma, tunakusikia. Yule bibi alikuwa anakulisha. Watu wameumia." Akalipigapiga vumbi. "Sasa gunia, unaning'inia tu hapo, hujui ufanyeje. Sikiliza. Unatafuta dume la ng'ombe. Humtumi mtu, unalileta mwenyewe kwa kamba. Unakwenda kwa Mzee Ngolo, kiongozi wa sungusungu, asubuhi jua likichomoza, unasimama nje ya boma. Husemi. Unasimama mpaka uulizwe. Akikupa siku, siku hiyo unakuja mbele ya watu unajibu utakachoulizwa. Umesikia, gunia?" Gunia lilikaa kimya, na mimi pia, maana nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mkono wa suti aliyonishonea Minza. Mwalimu aligeuka akatuambia tukapumzike. Alipita mbele yangu bila kunitazama. Nimefundishwa na watu wengi maishani, wenye shahada na vyeo, na hakuna aliyewahi kujishusha namna ile, mbele ya wanafunzi wake, ili mimi nipate njia.

Dume nililipata kwenye mnada wa Kasoli, ambako marufuku ya mtaa wetu haikufika. Kesho yake alfajiri dereva aliniteremsha nalo barabarani, mwanzo wa mtaa, akakimbia. Mimi mtoto wa Mombasa, ng'ombe nilimjua kwenye sahani. Dume liliamua kurudi Kasoli. Nilichuchumaa katika ule msimamo wa miguu mipana tunaouita wa farasi, nikashikilia kamba, likaniburuta hivyohivyo nikiwa nimechuchumaa, mistari miwili ya visigino vyangu ikibaki kwenye vumbi, na pande zote mbili za njia watu wamesimama mlangoni wakinitazama, hawaruhusiwi kusaidia wala kusema, wengine wameuma kanga zao ili wasicheke. Nilifika kwa Mzee Ngolo nimepoteza kiatu kimoja. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mpole kuliko nilivyoogopa. Aliniacha nimesimama mpaka jua likapanda. Kisha akaniuliza jambo moja tu, kama dini yangu inaruhusu ng'ombe achinjwe na mtu yeyote. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akasema watamwita mwenye duka wa Kiislamu achinje, "ili na wewe ule." Nilikuwa bado nimetengwa, hukumu haijatolewa, na wao walishafikiria sahani yangu.

Siku aliyonipa ilikuwa ileile ya mtihani Mwanza. Sikuomba ibadilishwe. Mwalimu aliwatuma wanafunzi waende peke yao na yeye akabaki.

Watu walijaa uwanjani kwa akina Minza, wanaume kwa upande wao kwenye magogo, wanawake karibu na jiko, na nyuma yao masufuria yamekwisha bandikwa. Nilisimamishwa katikati. Minza alikaa mlangoni mwa nyumba ya mama yake, kanga nyeusi kichwani. Mzee Ngolo aliniuliza, kwa Kiswahili, polepole ili nisikosee: "Siku tunamzika huyu mama, ulikuwa wapi?"

Nilikuwa na lile jibu la dereva mdomoni. Mimi mgeni, sikujua desturi zenu. Nyuso zao zilikuwa zinalisubiri, hata kwa hamu, kwa sababu walitaka yaishe. Lingetosha, wangenisamehe palepale, na wangenirudishia kiti changu kilichofutwa vumbi. Nilimtazama Minza. Alikuwa anatazama miguu yangu.

"Nilikuwa ghalani," nikasema. "Nilijua ni msiba. Nilijua mnamzika saa ngapi. Mayu alikuwa akinilisha, na mimi nilichagua mazoezi. Sina la kujitetea."

Watu wakanong'ona. Mzee mmoja kwenye gogo, yule wa Kasoli aliyesema naona mchanga kwa pua, alisema kwa sauti, "Huyu hakuchanganya na maji." Mzee Ngolo alinyoosha mkono kuwatuliza. Alisema kwamba dume limepokelewa, kwamba mtaa umesikia, lakini mwenye msiba si yeye. Akamgeukia Minza. Kama yeye hataki, tutakula nyama na kila mtu atarudi kwake kama alivyokuja.

Minza aliinuka, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akatembea mpaka mbele yangu. Wiki tatu nilikuwa nimeisikia pumzi yake tu. Nilijiandaa kwa lolote, hata kofi. Alinitazama kuanzia kilemba mpaka vidole vya miguu.

"Mkenya," alisema, "mbona umesimama kama mgeni? Ugali haujasongwa huo."

Mwanamke mmoja alinirushia mwiko mrefu kama jembe. Sikuwahi kusonga ugali wa watu mia. Moshi uliniingia machoni, jasho likanitoka, wanawake wakanizunguka wakinipigia kelele wote kwa pamoja, sukuma, geuza, usiuache, wewe mikono yote hiyo ya nini. Uliiva vibaya, upande mmoja umeungua na katikati madonge, na watu wote wakaula.